Kifaa Kisichotoka Kwenye Umeme

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia anasimama mbele yenu mdogo wa marehemu, kitinda mimba wa mama yao, naye anaomba mumvumilie sauti ikimkatika, kwani katika maisha anayoyasoma ipo siku moja ambayo angetamani isingekuwapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akiwa na macho mazima, hadi surua ya mwaka 1967 ilipompokonya, na Januari 1969 akapelekwa shule ya bweni ya wasioona, ambako alisoma nukta nundu kwa kasi ya kutisha. Alihitimu ualimu mwaka 1982, akafundisha miaka kumi na minne, kisha Agosti 1996 akaajiriwa na karakana ya vifaa vya kuandikia nukta nundu, vile vya kubeba mkobani, vyenye vitufe na mstari wa nukta zinazoinuka chini ya kidole, kazi yake ikiwa kuvijaribu na kuvitoa kasoro, na alivitoa kweli kweli, mafundi walikuwa wakisikia fimbo yake wanajifanya wana kazi stoo.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na mpokea simu wa ofisi ya maji, naye asiyeona, mtu wa utani usioisha, wakajaliwa binti mmoja, mwaka 1988. Shemeji alifariki tarehe 2 Juni 2008, na miezi yake ya mwisho, sauti ilipompotea, alizungumza na mkewe kwa kumwandikia kwenye kifaa chake, maneno yakabaki humo. Kifaa kile kilikuwa na ila moja, kikiishiwa chaji husahau yote yaliyoandikwa, basi marehemu alikichomeka ukutani sebuleni kwa miaka kumi na tano, umeme ukikatika anakibeba mbio kwa jirani mwenye jenereta, watoto wa mtaa wakampachika jina la Mama Soketi, naye akaitika. Mafundi walijitolea kuyahamisha maneno yale, akakataa katakata, maana wangeyasoma, na mambo ya mume wake, alisema, si gazeti.

Machi 2011 karakana ilikaa siku tatu kuchagua mfumo endeshi wa kifaa kipya, yaani programu mama inayokiamsha na kukiongoza, ama ule wa zamani, unaoamka papo hapo na ambao vidole vyake viliujua kama ngazi za nyumbani, ama ule wa simu, mzito kuamka, ila unaotunza maandishi hata chaji ikiisha. Wenzake waligawanyika nusu kwa nusu, wakamwachia yeye, wote wakijua atautetea wa zamani, lakini alichagua wa simu, akasema hataki mtu mwingine aishi amefungwa ukutani kama yeye. Jioni hiyo mdogo wake alimkuta sebuleni analia, mkono ukiwa juu ya kifaa cha mumewe.

Tarehe 9 Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, tarehe 20 Aprili akalazwa, na kila jioni swali lake la kwanza lilikuwa kama kifaa kiko kwenye umeme. Tarehe 4 Mei daktari alisema huenda akaruhusiwa, na mdogo wake, kwa furaha, akachomoa waya ule achomeke pasi, amnyooshee gauni la kurudia nyumbani, akasahau kuurudisha. Siku tatu alimjibu kuwa kiko salama, akidhani anasema kweli, hadi tarehe 7 alipotumwa akilete, akakikuta kimezimika, na alipokichaji kikaamka kitupu, kikiuliza leo ni tarehe ngapi.

Mdogo wake alimwekea kifaa mikononi. Dada alipitisha kidole kwenye mstari mara mbili, akakiweka kando, akaushika mkono wa mdogo wake na kuanza kumgonga nukta kiganjani, polepole, kwa muda mrefu, kama anayesoma kitu alichokihifadhi moyoni, na mdogo mtu, aliyekaa na dada asiyeona miaka hamsini bila kujifunza hata herufi moja, hakuelewa kitu, na aliona aibu kuuliza. Alifariki tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jirani wa jenereta ambaye hakuwahi kumfungia mlango, na wenzake wa karakana, ambao juzi walimpa mdogo wake kifaa cha mfumo alioupigania dada, naye ameanza kujifunza, amefika herufi ya sita.

Dada, nisamehe. Msalimie shemeji, umwambie maneno yake yalikuwa salama mpaka yalipofika mikononi mwangu. Lala kwa amani.