Kijiti Kisicho na Jani

Kwenye dirisha la wodi ya kifua, ghorofa ya pili, kuna chupa ya dawa ya kikohozi iliyokwisha kubanduliwa karatasi. Kwa miaka arobaini chupa hiyo haikukaa bila kitu ndani yake. Sasa ni tupu. Wauguzi wameiacha pale pale; hakuna mwenye moyo wa kuiondoa, wala wa kuweka kitu.

Marehemu, ambaye wodi nzima ilimwita Mama Kijiti, alizaliwa tarehe 12 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya saba wa mwashi na mkewe. Ilikuwa masika. Bibi yake alipenda kusimulia jinsi mvua ilivyopenya kwenye paa ambalo mwashi, fundi wa nyumba za wenzake, hakuwahi kupata nafasi ya kuliziba. Mtoto alilia kila tone lilipomdondokea, na matone yalipokoma akalia zaidi.

Alianza shule Januari 1966, akaishia darasa la tano. Mama yake alifariki mwaka 1970, naye akageuka mama wa wadogo zake wanne akiwa na miaka kumi na miwili. Hakulalamika, au kama alilalamika, hapakuwa na wa kumsikiliza. Kutoka shuleni alibaki na kitu kimoja. Mwalimu wa sayansi alikuwa akiwatoa nje kutazama mti uleule mara nne kwa mwaka, kiangazi, masika, kipupwe na vuli, na kuwaambia wachore walichokiona, si walichotamani kukiona.

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na fundi baiskeli wa mtaani kwao, mtu wa maneno machache na kucha zenye grisi. Walijaliwa binti na mwana. Mumewe alimtangulia mwaka 2004.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa kuwa mfagiaji wa hospitali, akapangiwa wodi ya kifua. Madirisha ya wodi ile yako juu na vioo vyake vimepakwa rangi nyeupe; mgonjwa anaweza kulala humo miezi minane asijue kama nje mvua inanyesha au jua linawaka. Basi kila Jumatatu alikata kijiti kwenye mti ulio nyuma ya chumba cha kufulia, akakileta kama kilivyo siku hiyo: chenye ua jekundu, chenye jani changa, chenye ganda refu la mbegu. Sista wa wodi hakupendezwa.

"Mama, huu ni uchafu."

"Uchafu ndio kazi yangu, sista. Huu nitaufagia mwenyewe."

Mwaka 1991 dereva mmoja wa lori, aliyekuwa amebaki mifupa na mdomo, alimwona akiingia na kijiti kikavu.

"Leo umetuletea kuni? Lete na sufuria basi!"

Walioweza kucheka wakacheka. Yeye alikichomeka chupani, akafuta maji yaliyomwagika, ndipo akasema, "Wewe nawe uliletwa hapa ukiwa kijiti, kaka. Mbona hatukukutupa?"

Dereva alitazama vijiti vikavu wiki sita, kila Jumatatu kingine. Siku kilipoletwa chenye vichipukizi, alikuwa anaweza kukaa kitandani bila kushikwa.

Marehemu alistaafu mwaka 2018, lakini Jumatatu zake hakuziacha.

Kikohozi kilimwanza Februari 2023. Ilikuwa saratani ya mapafu, na ilikuwa imekwisha kwenda mbali. Tarehe 24 Julai alilazwa katika wodi ileile aliyoipiga deki miaka yote, kitanda namba nne. Ilikuwa kipupwe, na mti umepukutika. Binti yake, karani wa ofisi ya ardhi, alimtembelea kila jioni.

"Mti wangu ukoje?"

"Haujambo, mama."

"Una majani?"

"Bado."

"Niletee kijiti, mwanangu."

"Ukichipua nitakuletea, mama. Sasa hivi ni mkavu tu."

"Haya."

Binti aliona aibu kumpelekea mama yake ukuni. Kila jioni alisimama chini ya mti ule, akaukagua, kisha akapanda ngazi mikono mitupu. Siku moja alinunua waridi la plastiki. Mama alilishika. "Zuri," akasema. "Halichoki." Akaomba mgonjwa wa kitanda cha tano apewe waridi hilo.

Aliomba kijiti tena Agosti, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu, mwanzoni mwa Septemba, hakuuliza habari ya majani.

"Uko hai lakini?"

"Sijui, mama," akajibu binti, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu kweli hakujua.

Mama aligeuzia uso dirishani. Hakuuliza tena. Alifariki Alhamisi, tarehe 28 Septemba, saa nne asubuhi.

Jumamosi, msibani, dereva yule wa lori, sasa mzee wa kutembelea fimbo, alimsimulia binti habari ya kuni na sufuria. Binti hakuwahi kuisikia. Aliinuka kabla mzee hajamaliza, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Kitu alichoombwa kilikuwepo kila siku kwa wiki tisa, na mkono wake ulikifikia. Wako waliomwambia kwamba mama alielewa. Huenda. Wa kuulizwa hayupo.

Ameacha binti, mwana ambaye ni seremala, wajukuu watano, wadogo zake wawili, na wagonjwa kumi na wanane wa wodi ya kifua ambao leo hawajui nje kuna nini.

Leo ni Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 2023. Mti haujachipua. Kijiti kilichokatwa asubuhi hii kiko juu ya jeneza, hakina jani. Mungu ampe pumziko ambalo hapa hakulipata.

Kaburi lake ni la sita kutoka lango la chini, upande wa ukuta. Hapo hapana mti.