Miaka Thelathini na Sita ya Dada Lamduan na Pikapu Zetu

Tarehe 30 Septemba 2567 kwa kalenda yetu ya Kibudha, yaani 2024 kwa wageni, Dada Lamduan Kaewsai atafunga dirisha la nne kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia ofisi hii ya usajili wa magari kwa miaka thelathini na sita na miezi minne. Sheria inasema ametimiza miaka sitini na lazima apumzike. Ngazi za kwenda stoo ya mafaili zinasema vingine, maana huzipanda mbilimbili huku sisi tuliomzidi ujana tukihema nyuma yake.

Aliajiriwa tarehe 1 Juni 2531, kazi yake ikiwa kubeba mafaili. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinu cha mpunga, na magari yalipimwa uzito kwenye mizani ya kinu hichohicho, kwa zamu na magunia. Miaka miwili baadaye akawa mpiga chapa. Mwaka 2538 akapewa dirisha la nne, la kuainisha pikapu, na hapo ndipo akaota mizizi. Alipandishwa cheo mara tatu, na mara zote tatu aliomba abaki dirishani.

Wilayani kwetu nyumba inaweza kukosa ngazi, lakini si pikapu. Gari hilohilo asubuhi hubeba mihogo, adhuhuri bibi harusi, jioni jeneza. Wenyewe hawaoni tatizo. Sheria ndiyo inayotaka kujua gari hili ni nani. La milango miwili hupewa namba zenye herufi za kijani, ni la mizigo, na ada yake hufuata uzito. La milango minne hupewa herufi nyeusi, na ada hufuata ukubwa wa injini. Ukifunga viti vya abiria nyuma, hilo tena si gari ulilosajili, na tundu moja la bolti linaweza kumhamisha mtu kutoka ukurasa mmoja wa kanuni hadi mwingine.

Kwa kuwa ada ya mizigo hufuata uzito, wateja wetu wamekuwa wakija na magari yaliyokonda. Tairi la akiba limebaki nyumbani, jeki imebaki nyumbani, na bwana mmoja alikuja hana kiti cha pembeni, akaapa kwamba mke wake hapendi safari. Hirizi za kuning'iniza kiooni na sanamu za juu ya dashibodi ndizo hazikupunguzwa hata moja, ingawa zingine zina uzito wa mtoto mchanga. Dada Lamduan hakuwa mtu wa kugomba. Aliwauliza hali ya vilivyoachwa: tairi halijambo, jeki inaendeleaje. Kisha akawaonyesha kwenye karatasi kwamba ada ya uzito wote waliouficha haitoshi kununua kuku mmoja wa kuchoma.

Halafu kuna ule mlango wa Ban Na Kham Noi. Kijiji hicho kina pikapu zaidi ya hamsini, na karibu zote zilikuwa zimeng'olewa mlango wa nyuma na kujengewa vizimba virefu vya chuma vya kupakilia miwa, bila hata kimoja kuandikwa kwenye kitabu cha gari. Siku ya ukaguzi kizimba kilibaki chini ya nyumba, na gari likaja na mlango wake wa asili. Lakini kijiji kizima kilibakiwa na mlango mmoja. Ulikuwa mwekundu, una stika ya jogoo, nasi tuliuona kwenye pikapu nyeupe, kwenye ya kijivu, kisha kwenye ya kijani. Mara ya nne Dada Lamduan alitoka nje, akaunganisha viganja, akauinamia kwa heshima.

"Karibu tena, mlango," alisema. "Pole na safari. Tangu Jumanne hujapumzika."

Mwenye gari alicheka mpaka akakaa chini. Jumamosi iliyofuata Dada Lamduan akaenda kijijini mwenyewe na tepu ya kupimia, akaomba uwanja wa hekalu, akapima vizimba vyote na kuviingiza vitabuni. Mlango mwekundu ulistaafu kabla yake, na nasikia siku hizi ni meza ya kukatia samaki.

Kijiji hichohicho ndicho kilichotuletea kisa ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kazi yake yote. Nitakieleza kwa urefu kidogo, mniwie radhi. Mimi niliyeandika haya ni Prasong wa dirisha la tatu, na nilikuwepo.

Ilikuwa Aprili 2552, sikukuu ya kumwagiana maji na kupakana poda imepita juzi tu na magari bado yana madoa ya poda. Alikuja mama mmoja anaitwa Chaluai, mjane. Mumewe, Thongdi, alikufa kwa homa msimu wa mvua uliotangulia, akamwachia pikapu ya bluu ya milango miwili, yenye herufi za kijani za mizigo na mabenchi mawili nyuma. Shule ya kijiji ilikuwa imefungwa kwa uchache wa wanafunzi. Watoto kumi na wanne, wengi wao wanaolelewa na bibi zao huku wazazi wakifanya kazi Bangkok, walitakiwa kusoma shule ya mjini, kilomita kumi na tisa. Gari la kuwapeleka lilikuwa hilo moja. Muhula ungeanza baada ya wiki nne, na bila stika mpya ya ada ya mwaka pikapu isingevuka kizuizi cha kwanza cha polisi.

Sasa lazima niseme jambo ambalo sote tulilijua. Wenye mabenchi walikuwa wakiyafungua asubuhi, wanakuja kupigiwa muhuri wa mizigo, jioni wanayarudisha. Thongdi alifanya hivyo kila mwaka. Chaluai alikuja nayo yamefungwa. Hakuwa na wa kumshikia spana, na alidhani kwa kuwa tunajua, tutaelewa.

Dada Lamduan alizunguka gari, akaingiza kidole chini ya benchi mpaka kwenye bolti, akarudi na kukifunga kitabu bila kupiga muhuri. Chaluai akamwambia kwa upole kwamba miaka yote gari lilipita. Akajibiwa, kwa upole vilevile, kwamba miaka yote mabenchi hayakuja. Mimi nilimwonea huruma mama yule. Nikamsogelea Dada Lamduan na kumnong'oneza aandike mizigo tu, yaishe, watoto wasome.

"Prasong," akasema, wala hakunong'ona, "ukiandika mizigo, watoto kumi na wanne wanakuwa mihogo. Gari likipinduka, bima gani italipia mguu wa muhogo?"

Sikukubali. Moyoni nilimwita Dada Lamduan mama chuma, na sikuwa peke yangu. Chaluai alibaki kwenye benchi la wateja, mikono mapajani, hadi mchana.

Baada ya chakula Dada Lamduan alimwita dirishani akiwa na kitabu cha kanuni kilichofunguliwa ukurasa ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuufungua. Gari la mizigo linaweza kupewa kibali cha kubeba wanafunzi, likitimiza masharti: mabenchi yafungwe kwa vipimo, liwe na paa imara, ukingo wa nyuma, mtungi wa kuzimia moto, mtu mzima wa kukaa na watoto, na barua ya mkuu wa shule. Chaluai aliyasikiliza yote, akauliza kama hiyo ndiyo namna ya ofisi ya kumwambia mtu hapana.

"Ni namna ndefu ya kusema ndiyo," Dada Lamduan alimjibu. "Tutaianza leo."

Na waliianza. Paa na ukingo vilichomelewa kutoka kwenye chuma cha vizimba vya zamani, majirani wakitoa kipande kimoja kimoja. Wa kukaa na watoto alipatikana upesi: Bibi Bua, mwenye miaka sitini na saba, aliyesema kwamba mjini anataka kwenda kila siku hata hivyo, basi afadhali aende kwa cheo. Barua ya mkuu wa shule ndiyo ilikwama. Mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga. Aliona akisaini, lolote litakalotokea barabarani litakuwa lake. Mara ya kwanza alisema yuko kikaoni. Mara ya pili alikuwa kikaoni kweli.

Mara ya tatu Dada Lamduan hakuomba kuonana naye. Alikwenda saa sita mchana, akatandika mkeka barazani mbele ya mlango wa ofisi, akafungua kikapu cha wali wa kunata, samaki wa kuchoma na kachumbari ya papai bichi, akaanza kula polepole. Mkuu alipotoka alimkuta njiani. Kwetu humpiti mtu anayekula bila yeye kukuambia karibu, na ukiambiwa karibu na mtu aliyekuzidi umri, unakaa walau kwa matonge mawili. Mkuu akakaa. Na ukishakula wali wa mtu, huwezi kumwambia huna nafasi ya kumsikiliza. Barua ilisainiwa hapohapo, na mpaka leo iko kwenye faili na alama ya kidole chenye mafuta ya samaki.

Kibali kilitoka Ijumaa. Jumatatu muhula ulianza, na pikapu ya bluu ikapita mbele ya ofisi yetu ina kibao cha njano cha gari la wanafunzi, Bibi Bua amekaa nyuma kama mkuu wa mkoa. Chaluai alipiga honi. Dada Lamduan hakuinua kichwa, alikuwa na mteja.

Msidhani wote walishangilia. Wenye mabenchi wengine walinuna, maana sasa kila mmoja alionyeshwa ukurasa uleule. Wako waliohamia dirisha langu kwa matumaini, na walioandika barua za malalamiko, ambazo Dada Lamduan mwenyewe amezihifadhi vizuri kwa mpangilio wa tarehe. Miaka miwili ilipita ndipo pikapu ishirini na mbili zikawa na vibao vya njano.

Septemba 2555 mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Asubuhi ya siku ya sita ukingo wa barabara ya Na Kham Noi ulikatika chini ya tairi la pikapu ya bluu, nayo ikaviringika ndani ya shamba la mpunga. Simu ilipigwa ofisini. Dada Lamduan aliweka kalamu chini, akauliza jambo moja tu, ni wangapi. Tulingoja karibu saa nzima kabla ya kujibiwa. Watoto walikuwa kumi na wanne, na wote kumi na wanne walitolewa wakiwa hai. Mabenchi hayakung'oka, paa lilibonyea lakini halikulala. Msichana mmoja alivunjika mkono, na Bibi Bua alipoteza meno mawili ambayo anadai ndiyo yaliyokuwa mazuri. Bima ililipa hospitali yote bila kuuliza swali la pili, kwa kuwa kitabuni hawakuwa mihogo.

Mchana nilimkuta stoo ya mafaili, amekaa kwenye ngazi, analia. Nilidhani ni hofu. Akaniambia kwamba kwa miaka mitatu hajapata usingizi mzuri, kila usiku akijiuliza kama alimsumbua mjane bure. Nikampa kitambaa.

Huyo ndiye tunayemuaga. Amewafundisha kazi maofisa kumi na wanane, wawili kati yao sasa ni mabosi wake. Hajawahi kumiliki pikapu. Anakuja kazini kwa pikipiki iliyosajiliwa sawasawa. Anasema akistaafu atafuga samaki na kulala mchana. La samaki tunaliamini.

Sherehe ni saa nne asubuhi ukumbini. Kila mmoja aje na uzi wake mweupe wa kumfunga mkononi pamoja na neno la baraka. Chaluai amethibitisha kuja, na kundi lake kubwa. Kwa niaba ya madirisha yote tunamshukuru Dada Lamduan kwa subira yake, kwa tepu yake, na kwa kukataa kwake. Tunamwombea afya, usingizi mnono na majirani wenye magari yaliyoandikwa.

Mwisho nina langu, na kwa kuwa uso kwa uso nimeshindwa miaka kumi na mitano, naliandika hapa. Dada, ile siku ya Aprili ulipotoka kwenda kula, Chaluai alikuja dirishani kwangu. Hakunipa kitu. Aliunganisha viganja tu, akasema, "Kaka, niandikie mizigo. Sitakusumbua tena." Nilikuwa nimekusikia asubuhi, kila neno. Hata hivyo nilikichukua kitabu, nikafungua ukurasa, nikaugandamiza muhuri kwenye wino. Ukaingia wewe, umesahau mwavuli. Nikakifunga kitabu. Uliuchukua mwavuli, ukanitazama, ukakaa, na siku ile hukwenda kula tena. Chakula chako alikununulia mlinzi. Sijui uliona nini, na hujawahi kuniuliza.

Muhuri ule ungekuwa na namba yangu, Dada, siku pikapu ilipolala shambani.

Asante kwa kukaa. Sasa nenda kapumzike.