Historia ya Brashi, Mchora Nyuso za Mtaa

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Brashi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1971, katika chumba cha uani nyuma ya ghala la mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mwashi na mama mshonaji. Alianza shule ya msingi mwaka 1979, na mwaka 1984 alichapwa viboko kumi na viwili mbele ya shule nzima kwa kumchora mwalimu mkuu kwenye mlango wa choo, kosa lake likiwa kwamba kila mtu alimtambua. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1990.

Mwaka 1991 alianza kujifunza kazi kwa mchora vibao wa sokoni, na kuanzia 1996 alijitegemea, akichorea vinyozi, mabucha na mafundi saa. Hakuweza kubuni uso, kila kichwa alichochora kilikuwa cha mpita njia fulani, na watu walipigana vikumbo wachorwe. Shemeji yetu alimjia akilalamika kwamba amepewa pua ya mjomba wake, wakafunga ndoa tarehe 4 Oktoba 1997, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Tarehe 12 Februari 2018, saa nne asubuhi, msukuma mkokoteni aliitiwa mwizi wa simu mbele ya duka la vitambaa, akapigwa mawe na nondo hadi akafa, na jioni yake simu ikaonekana chini ya marobota. Marehemu alikuwa juu ya ngazi akichora kibao, aliona yote, na hakushuka. Alituambia hilo mwenyewe, wala hakujitetea.

Mwaka uliofuata wenye maduka walimpa ukuta mrefu wa soko auchore maisha ya mtaa, wakitazamia ngoma na matunda. Alichora asubuhi ile, kila mkono na jiwe lake, kila uso na mwenyewe, na juu ya ngazi akajichora yeye, brashi mkononi. Alidhani watu wangejitazama, wangenyamaza, wangejuta. Hapo alikosea. Tarehe 3 Mei 2019 baadhi ya waliochorwa walimwangusha kutoka kwenye ngazi, wakamponda vidole vya mikono yote miwili kwa nyundo, wakamkanyaga tumbo, mmoja akipaza sauti, "Haya, chora sasa, fundi!"

Alilazwa siku kumi na tisa, akapasuliwa mara mbili, akafariki tarehe 22 Mei, saa saba mchana.

Wazee wenye nia njema wametushauri tuseme aliugua kwa muda mfupi, funika kombe mwanaharamu apite. Hakuugua. Aliuawa, kama alivyouawa msukuma mkokoteni, na baadhi ya mikono iliyompiga imelishika jeneza lake leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, wachora vibao wenzake waliopokezana kumlisha, majirani waliokesha nasi, na fundi baiskeli, aliyechorwa ukutani akiwa na jiwe, ambaye tarehe 5 Mei alimtolea marehemu damu, na jana akaenda polisi kwa miguu yake mwenyewe, akaeleza aliyoyatenda mara zote mbili. Wengine, njia mnaijua.

Pumzika kwa amani, kaka yetu. Chokaa waliyotaka kuufutia ukuta wako tumeikataa, ukuta tunaulinda sisi.