Jumamosi Tatu za Shangazi

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, Shangazi atafunga kwa mara ya mwisho mlango wa ofisi ya miito ya parokia yetu. Ni miaka thelathini na mmoja tangu aanze kuwasaidia vijana wetu kutambua Mungu anawaitia wapi: upadre, utawa, ndoa, au utumishi bila ndoa kama alioishi yeye mwenyewe. Nimekuwa karani wake kwa miaka kumi na tisa, na nimeombwa kuandika kwa kuwa, wanasema, mimi ndiye niliyecheka naye zaidi. Sibishi.

Alianzia kwenye chumba kilichokuwa stoo ya chaki na mafagio: meza yenye mguu mmoja mfupi, viti viwili, na dirisha lisilokubali kufungwa. Jina la Shangazi alipewa na vijana mwezi wa kwanza tu, maana kwake walimwaga yote ambayo mama haambiwi na baba hathubutu kuuliza. Msichana mmoja alitaka kujua kama sista anaruhusiwa kucheza mpira. Shangazi alimpeleka kwa masista siku ya mechi, naye akarudi na goti limechubuka, uso unang'aa. Yumo miongoni mwa masista kumi na mmoja waliopitia kwenye kiti kile. Mapadre ni tisa. Ndoa tuliacha kuzihesabu.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila kijana aliyekwisha pata kipaimara alipewa Jumamosi tatu: moja seminarini au kwa masista, moja kwa wanandoa wenye watoto wadogo, moja kwa mtu anayeishi peke yake kwa ajili ya utumishi. Jumatatu yake Shangazi aliuliza swali moja tu: njiani kurudi, ulikuwa unaimba au unaburuta miguu? Mjanja mmoja alijibu kwamba alirudi kwa baiskeli. Akaulizwa, basi baiskeli iliimba?

Miaka kumi na miwili iliyopita utaratibu huo uliingia nyumbani kwangu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani, na mtoto wetu wa kiume alipofikisha miaka kumi na mitatu alimshonea kanzu ya upadre. Kila mwaka aliteremsha pindo. Kijana alipofika kumi na saba akasema seminari haendi. Baba mtu akasema, basi atafute pengine pa kulala. Wiki tatu hawakusalimiana. Nilipakua chakula, wakala wamepeana migongo kama abiria wa vituo viwili tofauti, nami kila usiku nikasikiliza kama mlango utafunguliwa.

Barua za kuwaita vijana kwenye Jumamosi zao nilikuwa naziandika mimi, na kwa kuchanganyikiwa kule nikaandika jina la baba badala ya la mtoto. Jumamosi saa mbili asubuhi mkuu wa seminari akapiga simu: alikuwa anamsubiri kijana, amefika mzee wa miaka hamsini na miwili, utepe wa kupimia uko shingoni, anauliza darasa lake ni lipi. Shangazi alicheka mpaka akakalia boksi la chaki. Nilikwisha shika kanga yangu nikamrudishe. Akanizuia: "Mwache huyohuyo, mama. Ana haja na Jumamosi hii kuliko kijana."

Alikaa kutwa. Alisali nao, akaosha vyombo, akawatengenezea kanzu kumi na nne zilizopasuka. Jioni nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anaimba, na sauti hakujaliwa. Majirani walitoka nje kuangalia kuna nini. Alikaa jikoni bado anatabasamu. Akamwambia mtoto wetu kwamba aliyeitamani kanzu ile tangu ana miaka kumi na minne ni yeye mwenyewe, na baba yake mzazi alimkatalia. "Nisamehe, baba," alimwambia mwanawe. "Popote utakapokwenda, hapa ni kwenu."

Mwezi uliofuata kijana alipelekwa kwa wanandoa wenye mapacha. Alirudi na maziwa yametapikwa begani, anaimba vibaya vilevile kama baba yake. Leo anaoka mikate, ana mke na mabinti wawili, na Shangazi amekuwa akipeleka vijana kwake. Kanzu ilimpata mwenye kipimo chake, mmoja wa wale mapadre tisa. Mume wangu aliendelea kuwashonea wa seminari kila wiki, akiimba kwenda na kurudi, hadi mwaka juzi alipougua. Alifariki asubuhi moja tulivu, mwanawe akimnyoa ndevu. Walikuwa wanataniana nani ana sauti mbaya zaidi.

Shangazi, wengine watakushukuru kwa mapadre na masista, na wana haki. Mimi nakushukuru kwa asubuhi ile ya mwisho ya baba na mwanawe. Parokia nzima inakuombea siku ndefu, miguu yenye nguvu, na wageni wa kukuchekesha.