Fundi Dari na Homa ya Siku Nne

Ndugu, majirani na marafiki, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mdogo wangu, na nitayasoma kama dada yake, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Dari, alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, akiwa mtoto wa nne kati ya watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1979, akaacha sekondari kidato cha tatu kwa sababu hakutaka kuambiwa na mtu, akajifunza kupaka rangi kwa mjomba wetu, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna fundi aliyemshinda kwenye dari, ndipo jina likamganda. Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1999, wakajaliwa mabinti wawili.

Machi 2019 mikono ilianza kumgomea, akashindwa kuinua rola kupita kichwa, kisha hata kuchana nywele, na baadhi yenu mliokaa hapa mlisema ni uvivu tu. Ulipita mwaka na nusu kabla daktari hajatueleza kwamba mwilini mna protini ambayo askari wa kinga huitumia kupigiana kengele, na kwamba kwake kengele ilikuwa haizimi, askari wakawa wanaitafuna misuli yake mwenyewe. Alianza sindano za kuituliza protini hiyo tarehe 5 Oktoba 2020, na kufikia Februari alikuwa juu ya ngazi, akiimba vibaya kama kawaida.

Daktari alimwonya mbele yangu, "Kengele hiyo hiyo ndiyo inayokulinda, na sindano zinaizima, kwa hiyo ukipata homa hata ya siku moja, njoo." Akaitikia kama mtoto mwema. Tarehe 2 Mei 2023 nilimkuta akitetemeka katika darasa alilokuwa akilipaka, nikamuuliza, akasema, "Dada, ni vumbi la msasa tu." Homa ilikuwa tayari na siku nne, na mkewe alikuwa ameambiwa anyamaze. Wifi yangu, sikulaumu, nani aliwahi kumweza.

Alifariki hospitalini kwa nimonia tarehe 6 Mei, saa nne asubuhi, akiwa amenishika kidole kwa nguvu mpaka kikauma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli bila kuficha, majirani waliokesha na mabinti zetu, na mafundi wenzake waliombeba kutoka kazini. Mdogo wangu, pumzika kwa amani, mimi bado nimekukasirikia.