Marehemu Hakuwa na Kikombe Mkononi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wa kiwanda mliofika kumsindikiza marehemu, wasifu huu unasomwa na dada yake mkubwa. Anaomba asikatizwe mpaka amalize, kwa sababu tangu msiba utokee amekatizwa vya kutosha. Kila anayekuja kutoa pole anamsimulia yeye, aliyekuwepo, jinsi mdogo wake alivyokufa: eti alikata roho akitabasamu, kikombe cha kahawa mkononi. Dada amekanusha mlangoni, amekanusha jikoni, amekanusha kwenye simu hadi sauti imemkauka. Jana rasimu ya ratiba hii ya mazishi ilipoletwa kutoka kwa mpiga chapa, kikombe kilikuwemo, tena aya ya kwanza. Amekifuta. Marehemu alimwomba, akiwa na akili zake timamu, kwamba siku ya leo aelezwe kama alivyokuwa, naye dada alikubali.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa reli na mshona nguo. Mama yao alikuwa akisema kwamba alizaliwa amekunja uso, kama mtu aliyesikia mkunga akikosea jambo. Dada alikuwa na miaka mitano, ndiye aliyembeba mgongoni, na anathibitisha kwamba mtoto huyo alijua kubisha kabla hajajua kutembea.

Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli mwaka 1966 na kumaliza sekondari ya kutwa mwaka 1977. Akiwa darasa la sita, mwalimu aliwasimulia habari za mchungaji aliyeona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula matunda mekundu ya kichakani, na hivyo kahawa ikagunduliwa. Marehemu akanyoosha kidole, akauliza nani alikuwepo. Mwalimu akasema imeandikwa. Akauliza imeandikwa lini. Kipindi kilichobaki alikimalizia nje, chini ya dirisha, na swali lake hakulisahau. Akiwa kijana alisoma maktabani kwamba hadithi ile, kwa kadiri inavyojulikana, iliandikwa mara ya kwanza karne ya kumi na saba, wakati watu walikuwa wameshakunywa kahawa kwa zaidi ya miaka mia mbili. Alirudi nyumbani anatweta kwa furaha kama aliyefaulu mtihani. Baba akamwambia akae kwanza ale.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha kukaanga na kupaki kahawa, kwanza kama mpakuaji wa magunia, kisha mkaangaji, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2019. Wenzake watakumbuka alivyokuwa akisimama kando ya pipa la kukaangia ametega sikio, akisubiri buni zianze kupasuka, na ole wake ambaye angemsemesha wakati huo. Watakumbuka pia kwamba walimbandika jina la Bwana Masahihisho. Wageni waliotembelea kiwanda wakisema kahawa nyeusi tii ndiyo yenye nguvu, aliwaambia weusi huo ni wa moto tu, hauongezi nguvu yoyote. Wakisema buni ni aina ya maharage, aliwaambia ni mbegu ya tunda. Walevi wa mtaani kwake walijua kabisa kwamba kwake hawapati kikombe cha kuondoa pombe kichwani, kwa kuwa kahawa haiondoi pombe, humfanya mlevi awe mlevi aliye macho.

Lakini lililomla roho ni mbuzi. Nyuma ya kila pakiti iliyotoka kiwandani kulikuwa na picha ya mbuzi anayeruka, na chini yake hadithi ile ile ya mchungaji, imeandikwa kama taarifa ya habari. Marehemu alikaanga kahawa mchana kutwa ili itiwe ndani ya uongo, kama alivyosema mwenyewe. Alikwenda kwa meneja wa kwanza, akaambiwa wateja wanaipenda. Akaenda kwa wa pili, akaambiwa subiri. Meneja wa tatu alimsikiliza, akamfuta mbuzi, na kwa miezi michache nyumbani kwa marehemu kulikuwa na amani. Kisha mauzo yakashuka, mbuzi akarudishwa, safari hii anacheka. Siku hiyo marehemu alikuja kwa dada yake, akaweka pakiti mezani, akakaa akimtazama yule mbuzi mpaka giza likaingia. Dada alikasirika kwa niaba yake wakati ule, na hasira hiyo bado anayo.

Isije ikadhaniwa kwamba alikuwa mjuaji asiyekosea. Kwa miaka mingi aliwaambia watu kwamba kahawa iliyoondolewa kafeini haina kafeini hata chembe. Binti yake, ambaye ni muuguzi, akamwonyesha kwamba kidogo hubaki. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Asubuhi yake alivaa koti, akapita nyumba kwa nyumba kufuta kauli, akiwagongea na watu ambao hawakukumbuka kama aliwahi kuwaambia. Jirani mmoja alimkaribisha kwa wasiwasi akidhani ameleta habari za msiba.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1985, na chanzo cha ndoa hiyo ni kikombe kitupu. Alikwenda sinema, na kwenye filamu mpelelezi alikuwa akikimbia huku na huko na kikombe cha kahawa, anakigeuza, anakipunga hewani, na hakimwagiki kitu. Marehemu alivumilia, kisha akasema kwa sauti iliyofika mstari wa mbele kwamba kikombe hicho hakina kitu. Akarudia. Msichana aliyekuwa akiwaonyesha watu viti akaja, akammulika usoni na tochi.

"Kaka, kama utupu wa kikombe unakukera, toka nje ukanywe kilichojaa."

Alitoka kweli, akamngoja ngazini mpaka filamu ikaisha, akamwomba radhi, akamuuliza kama na yeye hakuona. Msichana alikiri kwamba aliona, tena tangu wiki iliyopita. Miaka yote ya ndoa yao walitazama michezo ya televisheni wakionyeshana kwa kidole kila kikombe kitupu kilichotokea, na wageni waliona taabu kufuata kisa.

Ugonjwa wa ini uligunduliwa mwanzoni mwa mwaka 2023. Hapa dada anaomba mumsikilize vizuri, maana hapa ndipo hamtaki kusikia. Ugonjwa ulimfanya asiweze kuvumilia harufu ya kahawa. Ilimtapisha. Mke wake alifua mapazia, akafua makoti yote ya kazi, akatoa nje kiti alichokalia miaka yote, na yeye mwenyewe, aliyependa kahawa kuliko mumewe, akaacha kuinywa. Wakati huo huo watu wema walimletea mgonjwa zawadi. Walileta kahawa. Kila Jumapili pakiti, na mbuzi anacheka. Mke alizipokea kwa heshima, akazipeleka kwa wifi yake, na kabati la dada mpaka leo halifungi. Walipoambiwa kwamba mgonjwa haiwezi tena, walicheka wakasema huyo mzee bwana, mtani kweli.

Marehemu alilijua hilo. Ndipo alipomwambia dada yake, "Nikifa watasema nilikufa na kikombe mkononi. Usiwaachie. Nimechoka na mbuzi."

Alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, asubuhi, kitandani kwake. Juu ya stuli palikuwa na kikombe cha maji ya moto, na kilikuwa cha mke wake, aliyekesha. Mtu wa kiwandani aliyefika wa kwanza alikiona kikombe. Mchana kikawa cha kahawa. Jioni kikawa cha marehemu. Kesho yake kilikuwa mkononi mwake. Hivyo ndivyo alivyotueleza sisi sote, miaka yote, kwamba hadithi hukua, nasi tukaona anatuchosha.

Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alimwita dada pembeni jana akamwambia kwa upole kwamba msibani si pa kubishana, na kwamba kikombe hakimdhuru mtu. Mjane naye, kwa uchovu, alisema, "Waache tu, wifi. Ni hadithi nzuri."

Dada hakuwaacha, na kinachomkera si kahawa. Marehemu alikuwa mgumu kushikwa. Hakupenda kupigwa picha amekumbatiwa, hakutembea ameshikana mkono na mtu, hata siku ya harusi alimpa bibi harusi kiwiko. Usiku ule wa mwisho alinyoosha mkono mwenyewe, akautafuta mkono wa mke wake juu ya shuka, akaushika, na hakuuachia. Alipokata roho, mke alikaa hivyo hivyo mpaka jua lilipofika kitandani, kwa sababu hakutaka kuwa yeye wa kwanza kuachia. Dada aliona kwa macho yake. Mkono huo mnaoujaza kikombe ulikuwa na mtu.

Marehemu ameacha mjane, binti muuguzi, wavulana wawili ambao wote wanakunywa chai, wajukuu watano, baba mdogo, na dada mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuosha vyombo, na kiwanda kilichogharimia uchapaji wa ratiba hii. Kiwanda kinaombwa kisione vibaya kwamba picha iliyokuwa ukurasa wa nyuma imeondolewa.

Anayeulizwa njiani mzee alikufaje, aseme alikufa ameshika mkono wa mke wake. Apumzike kwa amani, na sisi tusimsumbue kwa kumsingizia.