Msoma Mita na Swali la Ua Jeupe

Miaka thelathini na mitatu na miezi miwili: ndio muda ambao mwenzetu tuliyezoea kumwita Mzee Mita ameitumikia mamlaka yetu ya maji. Tarehe 30 Juni anarudisha buti, tochi na begi, na kustaafu rasmi.

Alianza kama kibarua wa kuchimba mitaro. Baada ya miaka miwili akawa msoma mita, kazi aliyoifanya kwa miguu, nyumba kwa nyumba, hadi mbwa wakali wakachoka kumbwekea. Kuandika tarakimu tu hakukumtosha. Mita ikizunguka huku mabomba yote yamefungwa, hang'oki hapo mpaka ajue maji yanakwenda wapi. Ndivyo alivyogundua uvujaji chini ya sakafu ya shule moja, ambao mafundi wetu waliuhangaikia wiki tatu.

Lakini kisa tunachokipenda zaidi ni cha miaka minne iliyopita. Tulipitisha bomba jipya kwenye ua wa mteja wetu, muuguzi mstaafu, na mtaro ukafagia tuta lake lote la dianthasi, yale maua madogo yenye kingo za kukatikakatika kama zilizopitiwa na mkasi. Yake yalikuwa mekundu matupu, na alikuwa ameyalea tangu mumewe akiwa hai. Mama yule hakugomba. Alifunga mlango tu, na hilo ndilo lililomuuma Mzee Mita. Akapekua kifusi, akapata vifuko vitatu vya mbegu vilivyokauka, ndani yake mbegu nyeusi, bapa, ndogo kama vumbi la mkaa. Akazipeleka nyumbani.

Hakuwahi kuotesha hata mchicha. Alipanda nusu ya mbegu kwenye beseni bovu, akazimwagilia asubuhi, mchana na jioni. Mkewe akamuuliza, "Baba Watoto, hizo ni mbegu au samaki?" Miche ilichomoza siku ya tisa, na baada ya wiki moja ikalala yote, imeoza shingoni. Mtu wa maji kaizamisha miche yake mwenyewe! Ofisini tulicheka mpaka machozi. Yeye alikuwa anauliza kwa nini.

Zilizobaki alizipanda kwa adabu: udongo uliochanganywa na mchanga, beseni likatobolewa chini, mbegu zikafunikwa kidogo tu, maji pale udongo wa juu ulipokauka. Miche saba ikasimama. Ilipotoa majani membamba ya kijani cha kijivujivu, akaihamishia uani, penye jua. Mwezi wa nne ikachanua, naye akashtuka. Mitano ilikuwa myekundu, mmoja wa waridi, na mmoja mweupe pe! Je, mama angesadiki kwamba hayo ni maua yake?

Alimpelekea miche yote saba, hata ule mweupe, na hakuficha kitu. Mama aliinama akanusa, kisha akasema, "Harufu ni yenyewe, mwanangu. Huyu mweupe simjui, lakini naye aingie ndani." Siku hiyo mlango ulifunguliwa, na msoma mita akanywa chai.

Tangu hapo swali moja halimpi usingizi: weupe ule ulitoka wapi? Kuna anayemwambia ni kazi ya nyuki, wanaochanganya chavua za ua hili na lile. Amesikia, ila anataka kuona kwa macho yake. Ameshakusanya mbegu za ua jeupe tu, kutoka uani kwa mama yule, na Jumatatu ya kwanza ya kustaafu kwake atazipanda, ajue zitazaa rangi gani.

Mzee Mita, ahsante kwa miguu yako, macho yako na maswali yako, hata yale yaliyotuchelewesha kwenda nyumbani. Tunakuombea afya, jua la kutosha na maji ya kiasi. Na zikichanua, tafadhali, tupigie simu. Sasa hata sisi tunataka kujua.